Mpimeni kwa Kazi Yake

Wanangu, jambo hili nimelisema kwenye mabaraza ya Ngamiani hapa Tanga, nimelisema vijiweni Mabawa na Makorora, nimelisema misibani tukiwa tunasubiri maiti itolewe. Na bado haupiti mwezi sijaletewa kijana aliyejigonga kichwa, na aliyemleta akaniambia kwa furaha, "Mzee, huyu hana neno, aliinuka mwenyewe." Nimechoka, sikatai. Uuguzi niliuacha siku nyingi, magoti yamekataa, na sauti yenyewe haifiki mbali. Lakini hili sitaliacha, kwa sababu linaharibu maisha ya watu waliokuwa na haki ya kupona. Kaeni, nilieleze taratibu.

Kuinuka kwake ndiko kunakowapumbaza. Bodaboda imeteleza njia ya Pangani, au imekumbana na fuso pale Pongwe, kijana amerushwa, kichwa kimegonga chini. Anaamka. Kitu cha kwanza anachokagua ni pikipiki: kioo kimevunjika, indiketa inaning'inia, tangi limebonyea. Wenzake wanamnawisha uso, wanamnunulia maji ya chupa, wanamwambia pole, Mungu mkubwa. Jioni yuko tena kijiweni anagombania abiria. Damu haikutoka, au ilitoka kidogo, basi kila mtu anaona yamekwisha.

Hayajakwisha. Ubongo ni kitu laini, unaelea ndani ya maji yake, umefungiwa kwenye mfupa mgumu. Basi la Dar likifunga breki ghafla pale Segera, kwa nje huenda lisiwe na hata mkwaruzo. Ingia ndani uone abiria walivyorushwa. Ndivyo unavyorushwa ubongo kichwa kinaposimamishwa na lami. Nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kutoka upande mmoja wa ubongo kwenda mwingine huvutika na kupindika. Chumvi zinazotakiwa kukaa ndani ya seli hutoka, zinazotakiwa kukaa nje huingia, na seli hutumia nguvu nyingi kurudisha kila kitu mahali pake, wakati huohuo damu inayoiletea nguvu hiyo imepungua. Hali hii huchukua siku, na kwa wengine wiki. Ndiyo maana mtu aliyekuwa hodari anachoka kwa jambo dogo, anasahau, anakasirika bila sababu, mwanga unamuumiza na kelele zinamuudhi. Madaktari wanauita mtikisiko wa ubongo, na wanauweka kwenye fungu la majeraha madogo ya kichwa. Wala si lazima mtu azimie ndipo umpate. Wengi hawazimii kabisa.

Udogo huo unapimwa vipi? Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, huko Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitunga kipimo ambacho kinatumika mpaka leo dunia nzima, na sisi tukiwemo. Kinatazama mambo 3: macho yanafunguka vipi, maneno yanatoka vipi, viungo vinatii vipi. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6, jumla 15. Aliyezama kabisa hupata 3. Anayepata 13 mpaka 15, na kama alizimia hakuzidisha dakika 30, na kama alipotewa na kumbukumbu hakuzidisha saa 24, huyo huhesabiwa ameumia kidogo. Ni kipimo kizuri. Nimekitumia maisha yangu yote ya kazi na sina la kukilaumu. Lakini kilitungwa kwa ajili ya watu waliopoteza fahamu, daktari ajue kama mgonjwa anazidi kuzama au anaibuka. Hakikutungwa kuuliza kama muuza samaki anakumbuka nani anamdai na nani anadaiwa. Mtu anaweza kupata 15 kwa 15, akajua jina lake, akajua yuko hospitali na leo ni siku gani, kisha hesabu ya chenji ikamshinda.

Msimlaumu daktari wa zamu. Mimi nimekaa mapokezi ya majeruhi usiku wa sikukuu, najua kunavyokuwa. Huyu tumbo limejaa damu, yule mfupa wa paja umetokeza, mama analia na mtoto aliyeungua uji, na kwenye benchi amekaa kijana wa alama 15 anayesema kichwa kinamgonga kidogo. Daktari atakimbilia wapi? Atamtazama mboni, atamwuliza maswali mawili matatu, atamwandikia dawa ya maumivu na kumwambia arudi akizidiwa. Hata akipigwa picha ya CT, picha hiyo inaonyesha damu na mfupa uliopasuka, na mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani humo. Mkiambiwa picha ni safi, mmeambiwa hakuna damu iliyovuja. Hamjaambiwa kwamba akili imerudi mahali pake.

Kwa hiyo sikizeni vizuri hapa. Hospitali inaweza kupima kama yuko macho. Kama aliyerudi nyumbani ni yuleyule mliyemjua, wa kupima ni nyinyi, na mpimeni kwa kazi yake.

Nilimwona mkwezi mmoja upande wa Pangani, mtu wa makamo, ameponyokwa na mnazi. Mungu alimsitiri, alikuwa ameshateremka zaidi ya nusu. Nilimkuta amekaa ameegemea shina, panga analo mkononi, anauliza, "Panga langu liko wapi?" Akaonyeshwa. Akasema, "Ahaa." Hata hatujamaliza kumpangusa mchanga akauliza tena, kwa sauti ileile na uso uleule, kana kwamba ndiyo kwanza anauliza. Wenzake wakacheka, wakadhani anawatania. Mimi sikucheka. Mtu anayerudia swali hilohilo na jibu ameshapewa, ubongo wake wakati ule hauweki kitu. Kinaingia na kupotea. Huyo hapandi mnazi mwingine siku hiyo, hapewi pikipiki wala baiskeli kurudi nyumbani, na haachwi peke yake. Anapelekwa hospitali, na anayempeleka awe yule aliyeshuhudia, ili aeleze: alianguka kutoka urefu gani, alitangulia na upande gani, alizimia au hakuzimia, alitapika mara ngapi, alikuwa anauliza nini. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuyasema hayo kwa sababu hayakumbuki, na akiulizwa atajibu hajambo.

Usiku wa kwanza na wa pili ndio wa kuogopwa, kwa sababu wapo wanaosema hawajambo na kumbe mshipa umepasuka na damu inajikusanya kidogokidogo chini ya fuvu. Mwaka 2009 mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson, alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Quebec, Kanada. Akasema hana neno, gari la wagonjwa likarudishwa. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, na siku ya pili baada ya kuanguka akafariki. Mwanamke mwenye mali na madaktari wa kila aina. Basi nyinyi mlioko Mkinga au Kigombe msijidanganye. Maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, akitapika tena na tena, akipatwa na degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, maneno yakikokota, majimaji meupe au damu vikitoka puani au masikioni, au akilala usingizi usioamshika, msisubiri asubuhi. Tafuteni gari usiku huohuo. Habari ya karatasi ya polisi, ile PF3, aishughulikie ndugu mwingine wakati mgonjwa yuko njiani.

Wazee wenzangu hukazana kwamba aliyegonga kichwa asilale kabisa, na mtu aliyechoka anakesha anatingishwa mpaka alfajiri. Akishaonwa na daktari akaruhusiwa, mwacheni alale, usingizi unamsaidia. Kinachotakiwa ni mtu mzima kulala karibu naye na kumgusa mara kwa mara, aone kama anaamka na kujibu kama kawaida yake. Dawa iwe paracetamol. Aspirini, diklofenaki na nyingine za namna hiyo asipewe siku hizo za mwanzo mpaka daktari aseme, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Na pombe aiweke mbali. Inaficha dalili zote nilizozitaja.

Hayo ya usiku wa kwanza watu wengi wameanza kuyasikia. Linalonichosha ni la baadaye, la wiki ya pili na ya tatu, pale hatari ya kufa imepita na kila mtu amesahau.

Mtaani kwetu kuna kijana mchuuzi wa samaki, sitamtaja. Kila asubuhi hwenda mnadani Deep Sea, hununua, hupakia tenga nyuma ya baiskeli na kupita nyumba kwa nyumba. Hakuwa na daftari. Madeni ya mtaa mzima alikuwa nayo kichwani: mama fulani vibua vya Jumanne, bibi fulani changu wawili na shilingi elfu iliyobaki. Akagongwa na bajaji, akaanguka, akapelekwa, akapimwa, 15 kwa 15, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Siku ya nne alikuwa barabarani.

Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani alipofika kwa jirani. Mama kampa noti ya elfu kumi kwa samaki wa elfu tatu na mia tano. Kijana akashika noti, akatoa za kurudisha, akazihesabu, akasimama. Akamtazama yule mama, akaitazama noti, akaanza kuhesabu upya. Mtoto akapita analia, hesabu ikamtoka, akaanza tena. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Umenipa ngapi vile?" Mama akaona anataka kumwibia. Na kwa bibi wa nyumba ya pili alikuwa ameshadai deni lililokwisha kulipwa. Wiki haikuisha, neno likazunguka mtaani kwamba kijana amekuwa tapeli, wengine wakasema anavuta bangi. Kule mnadani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sauti nyingi kwa pamoja, bei inapanda, huyu anapunga mkono, yule anaongeza. Kijana anabaki ameduwaa na bei imeshampita. Alirudi na tenga tupu. Nyumbani mkewe anasema mumewe hataki kusikia redio, anawafokea watoto, mchana amelala, usiku macho makavu.

Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa tabia. Mtikisiko wa ubongo hupenda kugusa mambo matatu: uangalifu, yaani kushika jambo moja huku mengine yanapita, kumbukumbu ya sasa hivi, ile ya kubeba tarakimu mbili kichwani mpaka uzitoe moja kwa nyingine, na kasi ya kufikiri. Kazi ya mchuuzi inayataka yote matatu kwa mpigo, amesimama juani. Mtu anayelima shamba lake kwa utulivu anaweza kukaa wiki nzima asijue amepungukiwa. Mchuuzi anajulikana siku ya kwanza.

Tulimwita, mimi na baba yake. Tukampa daftari aandike madeni. Mdogo wake akawa anakwenda naye mnadani, yeye anachagua samaki, mdogo anasimamia bei. Akapunguza mitaa, akauza asubuhi tu, adhuhuri akalala. Na baba yake akapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wateja, kazi ambayo ni ngumu kwa mzee mwenye heshima zake. Kaskazi ilipoingia kijana alikuwa amerudi, daftari analo bado kwa kulipenda tu. Wengi hurudi hivyo, ndani ya wiki chache au miezi michache. Wapo wasiorudi upesi, miezi 3 inapita na bado wanasumbuka, na hao wanatakiwa kuonwa tena na wataalamu. Lakini hata hao hupata nafuu zaidi wanapoaminiwa.

Kule Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa ikiandika habari za majeruhi wa kichwa wanaofika idara yake ya dharura. Wengi wao ni wanaume vijana, chanzo kikubwa ni ajali za barabarani, na sehemu kubwa wako katika fungu hilohilo la walioumia kidogo. Watafiti wa huko, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walichukua vipimo vya akili vinavyotumika ulimwenguni, wakavitia Kiswahili na kuvijaribu kwa majeruhi. Kimojawapo, kiitwacho MoCA, kilitungwa Montreal, Kanada. Mgonjwa huchora saa, huiga mchoro wa mchemraba, hutaja majina ya wanyama, hukumbuka maneno 5 baada ya muda. Katika asili yake, miongoni mwa maneno hayo kuna mahameli na jina la ua la Ulaya. Fikirieni mvuvi ambaye hajawahi kuliona ua hilo wala kushika penseli kuchora mchemraba. Akikosa, amekosa kwa kuumia au kwa kutosoma? Watunzi wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama 1. Kazi ya kuvileta vipimo hivyo kwenye lugha yetu ni ya kheri na naiombea iendelee. Ila hospitali nyingi za wilaya hazina muda wala mtu wa kukaa na kila majeruhi kwa kipimo kama hicho.

Nyinyi muda mnao, na kipimo mnacho. Mvuvi mwulizeni bamvua ya mwezi huu inaanza lini, na mtazameni anavyofunga kamba aliyoifunga tangu utotoni. Fundi cherehani mpeni vipimo vya kanzu kwa mdomo, asiandike, kisha mwulizeni baada ya kumaliza chai. Mama lishe aliyezoea kupokea maagizo ya wateja wanne kwa pamoja, huyu wali maharage, yule ugali samaki, tazameni kama sasa anapeleka sahani kwa mtu siye. Mtoto wa chuo asome sura aliyokuwa ameihifadhi mwezi uliopita. Dereva wa bodaboda aeleze, kabla hajapanda pikipiki, ataanzia wapi na kupita wapi kutoka Chumbageni mpaka Duga. Msitafute kama anaweza. Tafuteni kama anaweza kama zamani, kwa kasi ile, bila kutoka jasho. Tofauti mnayoiona wenyewe iandikeni, na siku ya kurudi kliniki mpelekeeni daktari karatasi hiyo. Itamsaidia kuliko kumwambia "hayuko sawa".

Sasa nije kwenye la mapepo, maana hapa ni Tanga na sitajifanya silijui. Kijana akianza kusahau, akianza kukasirika, akakaa gizani hataki watu, wapo watakaosema amerushiwa jini, amechezewa, anaonewa wivu na watu. Imani ya mtu sitabishana nayo leo. Nasema tu kwamba mtu aliyegonga kichwa mwezi uliopita, na mwezi huu amebadilika, sababu yake inajulikana, haihitaji kupigiwa ramli. Na mkimfungia chumbani mkamfukiza, mkampigia ngoma usiku kucha, mnaupelekea moshi, kelele na mkesha ubongo ambao dawa yake ni utulivu na usingizi. Nimeona mtu akizidishwa ugonjwa kwa njia hiyo na ndugu waliompenda kwa dhati. Walitumia fedha nyingi, na yeye akatoka humo dhaifu kuliko alivyoingia.

Wenye pikipiki, nanyi mnisikie. Kijana wako anayekuletea hesabu ya kila jioni ameanguka. Unampa siku moja, ya pili unapiga simu kuuliza hesabu iko wapi. Naye kwa sababu anadaiwa, na kwa sababu yuko kwenye mkataba na anaogopa utampa pikipiki mwingine, anapanda huku anaona mawili mawili. Wataalamu wanasema apumzike siku moja au mbili za mwanzo, kisha aanze kazi nyepesi na kuongeza kidogokidogo kadiri kichwa kinavyomruhusu. Kulala chumbani mwezi mzima hakumsaidii. Hayo hayawezekani mtu akiwa na deni la kila jioni. Mpunguzie. Mpe wiki mbili za nusu hesabu, mwambie asiendeshe usiku. Akigongwa tena kabla ubongo haujatulia, pigo la pili, hata likiwa jepesi, humrudisha nyuma sana, na kupona huchukua muda mrefu zaidi. Kwenye mpira walishalielewa: bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, imeruhusu mchezaji aliyegonga kichwa abadilishwe bila kuhesabiwa katika idadi ya kawaida ya wabadilishwaji. Ikiwa mchezaji wa uwanja wa Mkwakwani anaweza kutolewa nje kwa ajili ya kichwa chake, dereva aliyebeba mama na mtoto mgongoni naye anastahili.

Walimu wa shule na wa vyuo, konzi na makofi ya kichwani yaacheni. Mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni likizo, akarudi hashiki somo, mnamwongezea konzi kwenye kichwa kilekile kilichoumia. Mwulizeni mama yake kwanza kilichotokea. Na wanaume wenzangu, wake zenu wanapoletwa hospitali na uvimbe juu ya sikio wakasema wameteleza bafuni, sisi tuliokaa mapokezi tunajua. Mwanamke aliyepigwa kichwani mara nyingi ndiye huyo mnayemwita mzembe kwa sababu ameunguza wali. Nitasema hili mpaka nizikwe.

Kwa wazee kama mimi kuna jingine. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo, mishipa inayouunganisha na utando wake imevutika, na mgongano wa kizingiti tu unaweza kuanzisha damu inayovuja polepole kwa wiki kadhaa. Bibi alijigonga mwezi uliopita, leo anachanganya majina ya wajukuu na mguu unaburuta. Msiseme ni uzee. Mpelekeni, hasa kama anatumia dawa za kulainisha damu. Damu ile ikigunduliwa mapema hutolewa, na mzee hurudi kwenye akili yake. Nimewaona waliorudi.

Kofia ngumu nimeiweka mwisho, kwa kuwa mnaijua na hamuivai. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na ya kufa kwa asilimia 42. Ivaeni na mkanda wake uwe umefungwa chini ya kidevu, maana isiyofungwa inaruka kabla yako. Abiria naye apewe yake. Akilalamika kuhusu nywele zake, mkatalieni safari.

Ninalowaomba nyote ni moja. Aliyegonga kichwa akipangiwa tarehe ya kurudi kliniki, asiende peke yake. Yeye atasema amepona, na daktari hana namna ya kujua alivyokuwa zamani. Aende na mke, au mama, au mwenzake wa kijiweni, mtu aliyemwona akifanya kazi kabla na baada. Na huyo mtu asikae nje kwenye benchi akichezea simu. Aingie ndani, aseme alichokiona.